Mrejesho: Ile Cessna 172 niliyotaka kununua

Wakuu, habari za leo. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu ndege ndogo iliyotumika, Cessna 172 ya mwaka 1975, ya viti vinne. Wengi mlinisihi nisitoe hata senti kabla fundi wangu mwenyewe hajaikagua. Nawashukuru kwa dhati.

Nilimpata fundi mwenye leseni, asiyejuana na muuzaji. Rangi ilikuwa inang'aa, lakini alipofungua vifuniko vya chini ya bawa alikuta unga mweupe wa kutu umeshaanza kula alumini karibu na mhimili mkuu. Ndege ilikaa nje miaka mingi, na upepo wa chumvi wa Dar mnaujua. Injini ni Lycoming O-320, ambayo mtengenezaji anashauri ifumuliwe yote kila saa 2,000 au miaka 12. Ilikuwa na saa 900 tu tangu ifumuliwe mara ya mwisho, ndizo zilizonivutia. Kumbe miaka tangu wakati huo imeshafika 19! Tena daftari moja la matengenezo halionekani. Hilo ndilo lililonikata kabisa, kwa sababu hakuna wa kukuambia kama iliwahi kuanguka.

Nimeiacha. Iliniuma, nilishamwonyesha mama watoto picha.

Sasa nafuatilia nyingine, imelala ndani ya hanga, daftari zote zipo, na tayari ina usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, hivyo TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) nitakwenda kubadilisha umiliki tu. Fundi anaikagua Jumamosi. Nimemwomba apime mgandamizo wa kila silinda mbele yangu.