Naombeni ushauri: niandike jina la baba wa mapacha kwenye kijarida cha kiwanda?

Mpanga_Kurasa: Wakuu, habari za jioni. Nipo kiwanda cha soksi hapa Dar. Kila mwezi tunatoa kijarida cha kurasa nne na nakala moja inabandikwa kantini: nani kaoa, nani kafiwa, mfuko wa kufa na kuzikana umefikia wapi. Ukurasa wa familia naandika mimi. Dada mmoja wa kitengo cha vidole kajifungua mapacha, kaleta karatasi anataka jina la baba litoke. Baba naye yuko hapahapa, upande wa pasi. Niandike au niache? Kesho saa nne nachapisha.

Mama Kulwa: Hongera kwa mzazi. Mwambieni adai likizo ya uzazi ya siku 100, siyo 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivyo ukizaa zaidi ya mmoja. Mie wa kwangu wawili nilirudi kabla ya wakati, hakuna aliyenishtua. Maziwa yanalowanisha ovaroli, msimamizi anauliza kwa nini nimepunguza kasi!

KotaZaZamani: Mmenikumbusha Urafiki. Mzee wangu alipata kazi pale kiwanda kilipofunguliwa, 1968. Kiwanda kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz. Mtoto akizaliwa, kota nzima imeshajua. Kijarida cha nini?

Ngosha Mkweli: Mleta mada, jina la baba lina shida gani? Ana mke?

Mpanga_Kurasa: Anaye.

Ngosha Mkweli: Unamfahamu?

Mpanga_Kurasa: Ni dada yangu, tumbo moja. Naye yuko vidole, zamu ya usiku. Kabla hamjanirukia, ukurasa nimeshaupanga: "Mama na watoto wanaendelea vizuri, baba ni mwenzetu wa kitengo cha pasi." Jina sijataja. Naona hapo nimetumia busara.

Ngosha Mkweli: Pasi wapo wanaume wangapi?

Mpanga_Kurasa: Watatu. Mmoja anastaafu mwakani.

Ngosha Mkweli: 😂😂 Mzee wa watu kaponzwa!

Mtumishi wa Bwana: Zamu za usiku ndizo zinazoleta haya. Tuombee ndoa za wafanyakazi.

Mama Kulwa: Labda shemeji yako kasingiziwa tu.

Mpanga_Kurasa: Nipo ofisi ya utumishi, mama. Alikuja mwenyewe kuomba likizo ya baba, zile siku 3 zinazotakiwa zichukuliwe ndani ya siku 7 za uzazi. Fomu kajaza kwa mkono wake. Nyumbani kaaga anakwenda msibani Kilosa.

Chaibora: Hii chai, tena ya tangawizi. Mapacha kwenye kiwanda cha soksi, wametoka pea? Shemeji, dada, fomu, vyote vimeangukia meza moja! Soksi tunanunua Kariakoo, zimetoka China. Na kitengo cha vidole ndiyo mdudu gani?

Fundi Sindano: Kipo. Soksi ikitoka kwenye mashine ya duara iko wazi mbele, lazima ifungwe. Mleta mada, inafungwa ikiwa imekaaje?

Mpanga_Kurasa: Imegeuzwa, ndani nje. Ikishashonwa inageuzwa tena, inavishwa mguu wa aluminiamu, inapigwa mvuke. Ukiivisha upande, kisigino kinahamia ubavuni, unaandikiwa gredi ya pili.

Fundi Sindano: Huyu yumo ndani kweli.

Chaibora: Kujua soksi siyo kuwa na dada.

Mama Kulwa: Mwanangu, achana na hao. Ukurasa huo utoe kwanza. Kisha mkalishe shemeji yako leo, mpe hadi kesho jioni amwambie mkewe mwenyewe. Habari ya fomu usiitoe nje, umeiona kwa sababu ya kazi. Ukimwaga ya ofisini, kibarua kitaota nyasi.

Mpanga_Kurasa: Shemeji ndiye aliyenipa nyumba ninayokaa. Nikimkalisha, nahama. Na mzazi naye ana haki yake, watoto wake hawajaokotwa. Kijarida kikitoka, dada ataelewa mwenyewe taratibu.

Mama Kulwa: Kumbe unataka karatasi ikusemee! Asome kantini, mbele ya wenzake, na sahani ya wali mkononi?

Mpanga_Kurasa: Sijasema hivyo.

Ngosha Mkweli: Umesema.

KotaZaZamani: Enzi zetu jambo hili lilikwisha kwa balozi wa nyumba kumi.

Duka la Mtaani: Samahani nje ya mada. Dazeni ya soksi nyeupe za shule hapo kiwandani jumla mnatoa bei gani? Nijibu PM.