Hivi wakuu, maamuzi yangu ni yangu kweli au ni ya ukoo?

Mtoto wa Ujiji:
Mwakeye wakuu. Naombeni akili zenu maana yangu imegoma. Nina shamba la michikichi kijijini kwetu Simbo, huku huku Kigoma, eka moja na nusu, mzee alinigawia kabla hajafariki na karatasi ya kijiji ina jina langu. Mwezi wa nne akatokea mtu anataka kununua, hela taslimu, na mi ile hela nilikuwa naihitaji nikachukue mashine ya boti maana nimechoka kukodi, kila asubuhi tukirudi mwaloni Kibirizi hesabu ya mwenye mashine inatoka kwanza ndo sisi tunagawana makombo. Mpaka hapo si rahisi tu? Sasa jamaa kaweka hela mezani nikajisikia nasema "ngoja kwanza niongee na wazee". Hakuna aliyenilazimisha, mdomo wenyewe ulisema!

Nikaenda Simbo kwa baba mkubwa, wazee wakaitana, tukakaa toka saa nne mpaka jua linazama, ugali umeliwa mara mbili, na habari ya kuuza haikuongelewa hata robo saa. Waliongelea babu alivyopanda ile michikichi, nani alimpa mbegu, shangazi alivyoachika akarudi nyumbani akasomesha watoto kwa kukamua mawese ya shamba lile lile. Mwisho baba mkubwa akasema "sisi hatujakukataza", basi, watu wakanyanyuka. Sijauza, na mnunuzi keshaenda kwingine. Rafiki yangu aliyesoma Dar ananicheka eti sina akili yangu, nafikiri kwa kichwa cha ukoo. Ni kweli mila zinatufanya tusifikiri?

Gungu Finest:
Hukutaka kuuza toka mwanzo mzee, usisingizie ukoo 😂 mwenye shida ya hela hapandi daladala kwenda kuomba ushauri.

Mwl. Mstaafu:
Mdogo wangu, huyo rafiki yako anadhani yeye kichwa chake hakina ukoo, ndo kosa lake. Ngoja nikupe mfano wa samaki, we mtu wa ziwani utanielewa haraka. Mwaka 2001 Takahiko Masuda na Richard Nisbett, watu wa saikolojia, waliwaonesha wanafunzi wa Kijapani na wa Kimarekani picha inayotembea ya chini ya maji, fupi tu, kuna samaki wakubwa wanapita, kuna majani, mawe, vijidudu vidogo, mapovu. Halafu wakawaambia haya semeni mmeona nini. Wamarekani wengi wakaanza na yule samaki mkubwa, rangi yake, anaelekea wapi. Wajapani wakaanza na mahali, kwamba ni kama bwawa, maji yako hivi, na vitu vya pembeni wakavitaja zaidi ya wenzao kwa asilimia 60 na zaidi. Ikaja ya pili, wakawaonesha samaki yuleyule kawekwa kwenye maji mengine, Wajapani wakababaika kumtambua, Wamarekani wala hawakusumbuka sana. Macho ni yaleyale! Ila wamelelewa kutazama tofauti.

Sa rudi Simbo. Rafiki yako anaona samaki, yaani shamba, bei, mashine. Wazee wako siku nzima walikuwa wanakuonesha maji. Hiyo nayo ni kufikiri. Na huo "hatujakukataza" si ruhusa, ukiwa umekulia huku unajua mwenyewe, wala hukuhitaji kutafsiriwa. (Nimefundisha miaka mingi, wanafunzi walikuwa wananijibu hivyohivyo nikiuliza nani kavunja kioo.)

Msikonge Halisi:
Mwangaluka wana Kigoma, niko Tabora huku. Mwalimu nakuheshimu ila watu tunapenda kusema "utamaduni" kama vile umedondoka toka mbinguni. Mi nalima tumbaku. Pembejeo tunakopa kupitia chama cha msingi cha ushirika, tuko kwenye kikundi, mmoja asipolipa deni linatukaba wote. Unadhani nikitaka kuacha tumbaku nihamie kwenye mizinga ya nyuki naamua peke yangu? Naanza kuwaza jirani atasemaje, na sio kwa sababu ya mizimu ya Unyamwezini bali ni mkopo tu. Kazi inamfunza mtu kuwaza, baadae mnaiita mila.

Mwl. Mstaafu:
Msikonge hapo sikupingi, tena unaniongezea. Kuna ule mchezo wa kugawana hela ambao kina Joseph Henrich waliuchezesha kwenye jamii 15 ndogondogo duniani, matokeo yakatoka 2001. Unapewa hela, unamkatia mwenzako kiasi unachotaka, akikataa mnakosa wote. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera kule Indonesia walikuwa wanatoa kwa wastani zaidi ya nusu, maana nyangumi hauvui peke yako na nyama ina utaratibu wake wa kugawanywa. Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi wakatoa kidogo na kukataliwa kukawa kwingi, ingawa nyama porini wanagawana kila siku. Kwahiyo kugawana ni kitu kimoja na kupenda kugawana ni kingine, ukiwa na nyama watu wanakutazama mkononi utafanyaje.

Mama Mwanga:
Mmeongea vizuri mmefika Indonesia mmerudi. Mimi swali langu ni dogo, kwenye hicho kikao cha Simbo shangazi alikaa wapi? Maana hadithi nzima ni jasho lake, mawese alikamua yeye. Mnasema ukoo umeamua, ukoo ni akina nani, wanaume sita na kahawa? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo toka 1999 na inasema mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume, ila kwenye mkeka bado hana nafasi. Hayo maji mnayotuonesha mwalimu, kuna samaki wengine mmewaacha nje ya picha.

Mwl. Mstaafu:
Dada umenipiga. Nakubali.

Mtoto wa Ujiji:
Mama Mwanga umenifanya nisilale. Shangazi alikuwa jikoni, ule ugali wa mara mbili alisonga yeye. Leo asubuhi nimempigia nikamwamkia nikamweleza yote, nikajua ataniambia hayo hayo ya babu. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha, af akauliza, "mashine yenyewe ya nguvu ngapi?" Nikamwambia kumi na tano. Akasema shamba asiuze mtu, yeye ana madumu ya mawese ameyafungia anasubiri bei ipande, tuweke nusu kwa nusu na hesabu ya mashine iwe inapitia kwake. Baba mkubwa hajui, na shangazi kaniambia nisimwambie kwanza mpaka boti iingie majini.

Haya, mwenye kujua mashine ya mtumba ya 15 iliyo nzima, iwe Kigoma mjini au hata Tabora ikija kwa treni, anicheki inbox.