Naomba ushauri: kurekodi simulizi za wazee wa kaunti ya McIntosh, Georgia

Ndugu zangu, habari za leo. Naishi Marekani, karibu na Darien, mji mdogo ulio makao makuu ya kaunti ya McIntosh. Wazee wa Kigeechee wa huku, uzao wa Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya mpunga na pamba, wana simulizi tele: Darien ilivyochomwa na jeshi la Kaskazini mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mnyama wa ajabu anayesemekana kuishi mto Altamaha, milango iliyopakwa buluu kuzuia mizimu.

Kinachonigusa zaidi ni habari za Bilali Muhammad wa kisiwa cha Sapelo. Akiwa mtumwa, aliandika kwa Kiarabu kurasa za fiqhi (sheria za Kiislamu) ya madhehebu ya Kimaliki, na mswada wake umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Georgia. Uzao wake ungalipo kisiwani, kijiji cha Hog Hammock. Nani angedhani!

Sasa, bibi mmoja amekubali nimrekodi, ila wanawe wanasita. Wanasema wageni wamezoea kuja, kuchukua hadithi na kutoweka. Kwa kweli nawaelewa, maana hata ardhi yao inazidi kuwaponyoka kwa kodi kubwa.

Kwa mliowahi kukusanya masimulizi ya wazee nyumbani: mliandikiana makubaliano gani na familia? Rekodi halisi ikae kwa nani? Na maneno yake, niyaandike yanavyotamkwa au kwa Kiingereza sanifu? Bibi ni mzee sana, sitaki kuchelewa, wala sitaki kuwakwaza watoto wake. Nianzie wapi?