Mdogo wangu anamaliza chakula usiku, nifanye nini?

Mama_Katuba
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Naishi na mdogo wangu wa miaka 17. Chakula kinapotea usiku. Juzi niliweka bukari (ugali) ya watoto ya asubuhi, kipande cha makayabo (samaki wa chumvi) na mkate mzima. Saa nane ya usiku nikamkuta jikoni amechuchumaa, mwanga wa friji unampiga usoni, anakula bukari baridi kwa mikono miwili, bila mboga. Aliponiona hakukimbia. Aliendelea kutafuna huku machozi yanamtoka. Kabati nimeshalitia kufuli. Nataka tu ushauri wa kumwachisha huu wizi.

Mzee_Munkoyo
Wizi wa bukari si wizi, mwanangu. Sisi kwa marehemu shangazi, huko Kamalondo, tulikuwa kumi na mmoja kwenye sahani moja. Ukichelewa kunawa, unakuta vidole vya wenzako tu. Mpe dawa ya minyoo.

Dereva_Kasumbalesa
Minyoo ama mimba. Mke wangu akiwa na mimba ya kwanza alinimalizia udongo mweupe niliokuwa nimeagizwa na dada yangu. Mpaka leo dada haniamini.

Bibi_BelAir
Anayekula usiku na kulia hali peke yake. Ulizeni wazee. Mimi sitaji neno.

Muuguzi_Ruashi
Mama, maswali mawili. Akimaliza kula anaenda wapi? Na vifundo vya vidole vyake umeviangalia?

Mama_Katuba
Anaenda chooni na ndoo ya maji, anayamwaga kwa kelele.

Muuguzi_Ruashi
Na vidole?

Mama_Katuba
Sawa. Anatapika. Tulidhani malaria, tumemtibu mara mbili. Vidole vya mkono wa kulia vina alama ngumu, alisema ni mafuta ya mandazi. Lakini hajakonda, ndiyo maana sikuandika. Na Ijumaa anaingia kwenye maombi, siku tatu kavu, hata maji hapana. Mchungaji ameshapanga, baba yake amekubali. Hilo msiniambie nilifute, nimekuja kuuliza kuhusu wizi.

Muuguzi_Ruashi
Nitakuambia hilohilo. Ugonjwa huu unaitwa bulimia. Aliyeueleza kwa jina hilo mwaka 1979 ni Gerald Russell, daktari wa London, na hizo alama za vifundoni, zinazotoka kwa meno mtu akijitapisha, zinabeba jina lake. Wengi wenye bulimia hawakondi, wala usingojee akonde. Kutapika kunaondoa potasiamu mwilini, na ikishuka sana moyo unapoteza mwendo wake. Ukimnyima na maji siku tatu, unauongezea moyo huo mzigo.

Na wewe unaona wizi. Kwa kawaida mtu kama huyu mchana anajinyima, usiku mwili unadai deni, anakula bila kuweza kusimama, anaingiwa na hofu, anatapika, kesho anajinyima tena. Mfungo unaanzisha mzunguko uleule. Marekani, huko Minnesota, mwaka 1944 hadi 1945 vijana 36 wenye afya walijitolea kulishwa kidogo kwa miezi. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka wakaugua. Na hao hawakurogwa.

Bibi_BelAir
Minnesota hawana shangazi wabaya.

Mwana_Kenya
Ngojeni kwanza. "Baba yake amekubali"? Kama ni mdogo wako, si baba yenu? Halafu jina lako linasema Katuba, hapa Lubumbashi. Friji gani inawaka Katuba saa nane ya usiku? Hii hadithi imetungwa na mtu asiyejua delestaji, umeme unavyokatwa kwa zamu.

Dereva_Kasumbalesa
😂😂 Delestaji imemkamata! Ila kuna wenye paneli na batri. Mimi batri yangu nililetewa kutoka Zambia, ikafa mwezi wa pili.

Mzee_Munkoyo
Uliiacha ikauke, hukuongeza maji.

Dereva_Kasumbalesa
Mzee, ile haiongezwi maji.

Mama_Katuba
Friji haikuwaka. Ilikuwa tochi ya simu yangu. Nilikaa gizani jikoni tangu saa sita, namvizia. Niliona haya kuandika hivyo.

Na si mdogo wangu. Ni mtoto wa bwana yangu, mama yake alifariki. Ningesema hivyo mngeanza: mama wa kambo anamnyima mtoto chakula, na kufuli ndilo ushahidi.

Bibi_BelAir
Kweli mimi ningesema.

Mama_Katuba
Basi na hili mlichukue. Mwezi wa tatu tulienda kwa fundi, nguo za korali (kwaya). Fundi akaita vipimo kwa sauti, akasema kiuno kimepanda. Wasichana wote walikuwepo. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mwana_Kenya
Nimesikia, mama. Samahani kwa la friji.

Muuguzi_Ruashi
Hukumpa ugonjwa wewe, mara nyingi sababu ni nyingi. Sasa toa kufuli. Apimwe potasiamu na moyo wiki hii, akizimia au moyo ukimdunda ovyo usingoje miadi. Akitapika asugue meno baadaye, kwanza asukutue kwa maji. Asubuhi, mchana, jioni mle pamoja, kiuno kisitajwe mezani. Baada ya chakula mkae naye kama saa moja, mfanye kazi ya mikono. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain, ulizeni huko.

Dereva_Kasumbalesa
Si kule kwa vichaa?

Muuguzi_Ruashi
Na wewe ukiugua usingizi njiani Kasumbalesa, nitakupeleka huko.

Mama_Katuba
Kufuli nimelitoa. Jana tumekula, nikamwambia anisuke. Mikono ilikuwa inamtetemeka, misuko yote imekwenda upande, lakini alisuka mpaka saa tatu na hakwenda chooni. Mchungaji bado sijampigia. Bwana yangu anasema tutamwaibisha.

Mzee_Munkoyo
Hilo kufuli kama hulitumii niuzie. Wajukuu wananimalizia kinywaji changu cha munkoyo.

Muuguzi_Ruashi
Leo ni Jumatano, mama.