Mto wa msimu: je, ukikauka umekufa?

Mkulima wa Malindi: Assalaam alaykum. Mto ulio nyuma ya shamba letu hujaa masika, kisha hubaki mchanga mtupu. Wachimbaji wa mchanga wanadai kwamba umekufa. Je, ni kweli?

Jirani: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Haujafa hata kidogo. Maji hubaki chini ya mchanga, yakiwa yamekingwa na jua, nayo ndiyo huinywesha miti ya ukingoni. Ukifukua shimo, utaona kuta zikitota, kisha maji yakijikusanya polepole. Mchanga ukizolewa hadi mwambani, hifadhi hiyo hupotea, na visima vya karibu hukauka. Wenzetu wa Kitui hujenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta za kuzuia mchanga pamoja na maji yaliyomo, kwenye mito ya namna hiyo.

Bi. Mwalimu: Naongezea kwamba mbegu na mayai ya wadudu huvumilia ukame ndani ya mchanga wa mto hadi mafuriko yarudi. Wahusisheni chama cha watumiaji maji upesi, kabla ya mvua za vuli.