Sonona ya mzazi na mtoto kuchelewa kuongea: tupeane uzoefu

Wadau, sonona (depression, huzuni nzito isiyoisha) tuiongee bila kuhukumiana. Naanza mwenyewe.

Mtoto wangu wa pili alifikisha miezi 20 akiwa na maneno matatu tu. Masikio yakapimwa, yako sawa. Kisha nesi akanigeukia mimi: "Na wewe mama, unalala?" Nikaangua kilio palepale. Nilikuwa namwogesha, namnyonyesha, nambadilisha nepi, yote kimyakimya. Nikajazishwa dodoso la Edinburgh, la kupima dalili za sonona kwa mama aliyejifungua, lenye maswali 10. La kwanza linauliza kama umeweza kucheka na kuona mambo yanayochekesha. Nilikaa na lile swali muda mrefu kuliko mengine tisa yote.

Nani mwingine yamemkuta?

Mama Kulwa: Mimi nilikuwa naongea naye, tatizo sauti. Kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Mdogo wangu alipokuja kukaa nasi, sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka, kila kitu anakiimba hata kutafuta kiatu. Mtoto alikuwa anageuza shingo kumfuata. Kwangu hakuwahi kugeuka hivyo. Niliona wivu, nakiri.

Baba Mkimya: Kwetu aliyeumwa ni mimi. Mtoto ananyoosha kidole kwa ndege, mimi macho kwenye simu. Ananyoosha tena. Baadaye akaacha kunyoosha, nami nikadhani ametulia, mtoto mzuri! Mama aliulizwa hali yake kila alipompeleka kliniki, mimi hakuna aliyeniuliza hata siku moja.

Mwalimu wa Chekechea: Baba Mkimya, umenikumbusha jaribio la Edward Tronick wa Marekani, miaka ya 1970. Mama anacheza na mtoto mchanga, kisha anaambiwa akaushe uso kwa dakika chache. Mtoto anatabasamu, anatoa sauti, anajaribu kila mbinu, mwisho anageuza uso pembeni. Mtoto anajifunza lugha kwa kupokezana: yeye "ba", wewe "ba nini?", yeye tena. Ndiyo maana runinga haisaidii hata ikiongea kutwa, maana haisubiri jibu lake. WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2019 walishauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekewe skrini kabisa.

Bibi Harusi wa Zamani: Samahani, mimi nilikuwa mzima wa afya, naimba asubuhi hadi jioni, na wangu bado alichelewa. Si kila ukimya wa mtoto chanzo chake ni mzazi.

Mwanzisha mada: Kweli kabisa, na wapo walioumwa na watoto wao wakaongea mapema. Ndiyo maana nasema masikio yapimwe kwanza.

Mgeni 7: Mnasema "ongea na mtoto". Siku ambayo hata kuinuka kitandani huwezi, unaanzia wapi?

Mwanzisha mada: Nilianza nikiwa nimelala hapohapo. Yeye anavua soksi, mimi nasema, "Unavuta soksi. Imekwama. Haya, imetoka!" Nanyamaza nimsubiri, akitoa mlio wowote naujibu. Dakika tano, halafu nafumba macho. Mume ndiye aliyebeba hadithi za usiku. Dawa na vikao vya ushauri vilichukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti, na wiki zile za katikati ndizo zilizokuwa ngumu kuliko mwanzo.