Nina kopo la sarafu za zamani za senti tano za Marekani, nauzaje bila kupunjwa?

BintiRuvu:
Wakuu habari za majukumu. Niko Marekani, jimbo la Maryland. Naombeni ushauri wa haraka, kuna mtu anakuja Jumamosi.

Nina kopo la bati la kahawa limejaa sarafu za senti tano, zile ambazo wenyewe huku wanaita nikeli. Siyo hizi za madukani. Nyingine zina kichwa cha Mhindi Mwekundu mwenye manyoya, ukigeuza unakuta nyati amesimama. Nyingine zina kichwa cha mwanamke na nyuma herufi kubwa ya V. Kuna za sura ya Rais Jefferson pia, ila hizo zimekuwa nyeusi nyeusi kama sufuria ya kuni.

Jamaa nimempata mtandaoni anatoa dola 300 taslimu kwa kopo zima. Nimesoma kwamba kuna nikeli iliwahi kuuzwa mamilioni ya dola, tangu hapo usingizi umekata. Ni bei nzuri au ananipiga?

Kijana_Jangwani:
Dada uza haraka, tuma huku tununue kiwanja Kibaha, hati iandikwe jina la nyati.

FundiSaa:
Mkuu, usiuze bado, na usizioshe kwa kitu chochote. Wala dawa ya meno, wala ndimu, wala magadi. Mkusanya sarafu akiona imesuguliwa anaikimbia, hata kama ni ya mwaka adimu.

Hiyo ya mamilioni itoe kichwani. Ni ya mwaka 1913 yenye sura ya mwanamke, na zinazojulikana ni 5 tu duniani. Mwaka ule kiwanda cha sarafu kilishahamia kwenye nyati, hizo tano zikatengenezwa kinyemela. Moja ilikuwa ya bwana George Walton, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1962. Wataalamu wakaikagua wakasema ni bandia, familia ikarudishiwa. Dada yake akaiweka kabatini miaka na miaka. Mwaka 2003 ikapelekwa Baltimore, hapo hapo Maryland ulipo, ikalinganishwa na zile nne nyingine, ikaonekana ni halisi. Mwaka 2013 ikapigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 3.

Sasa tuje kwenye kopo lako. Nyati zilitoka 1913 hadi 1938. Tatizo lao ni kwamba mwaka umechongwa begani kwa Mhindi, sehemu iliyoinuka, kwa hiyo ndiyo inayofutika mwanzo. Isiyosomeka mwaka haina thamani ya maana. Inayosomeka ya miaka ya kawaida ni dola moja au mbili. Za V zilizochakaa ni hivyo hivyo, isipokuwa miaka michache kama 1885, au 1912 yenye herufi ya kiwanda S.

Hizo nyeusi za Jefferson zitenge pembeni. Geuza nyuma, tazama juu ya paa la ile nyumba. Ukikuta herufi kubwa P, D au S, hiyo ni ya wakati wa vita, kati ya 1942 na 1945. Madini ya nikeli yalihitajika jeshini, wakachanganya shaba, manganizi na madini ya fedha asilimia 35. Kila moja ina gramu 1.75 za fedha, na bei ya fedha haijifichi.

Tuandikie miaka unayoiona na herufi zake. Na picha.

MamaWawili:
Salaam. Mimi nauliza tofauti. Hizo sarafu umezipata wapi?

BintiRuvu:
@MamaWawili nimepewa zawadi na mtu mzima mmoja.

@FundiSaa asante sana kaka. Za nyati: 1920, 1935, 1936 nyingi, na moja ya 1932 yenye D. Za V: 1883 mbili, hazina neno CENTS, nimeambiwa hizo ni makosa ya kiwanda. Nyeusi zenye P kubwa zipo kama kiganja kimoja. Picha nitaweka, simu yangu kamera imepasuka.

Mzee_wa_Urambo:
Vijana mnanikumbusha mjomba wangu, Mungu amrehemu. Alipata habari kwamba chini ya mbuyu fulani Wajerumani waliacha rupia walipokimbia mwaka 1916. Na kweli rupia za dhahabu zilitengenezwa Tabora mwaka huo huo, kwenye karakana ya reli, zenye picha ya tembo, kwa sababu vita ilikuwa imewafungia bahari. Basi mjomba akauza ng'ombe, akalipa mganga, akalipa wachimbaji. Wakachimba shimo la kutosha kumzika mtu na farasi wake. Kilichopatikana ni kipande cha reli. Mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema walikosea kwa hatua kumi upande wa magharibi.

Ninachotaka kusema, mali ya zamani ina mwenyewe na ina maneno yake.

MamaWawili:
@BintiRuvu mtu mzima gani? Ndugu yako? Jirani? Mzungu hagawi kopo la sarafu za babu yake kwa mpita njia. Sema tukusaidie.

Kijana_Jangwani:
Mama yuko kazini leo.

BintiRuvu:
Naona wengine wamekuja kuhoji badala ya kushauri. Haya. Nafanya kazi ya kutunza wazee nyumba kwa nyumba. Huyu mzee namhudumia usiku. Namwogesha, nampa dawa, namgeuza. Watoto wake wako mbali, anayekuja mara kwa mara ni binti mmoja. Mzee mwenyewe ndiye aliyenyanyua kopo akasema chukua, ni lako, wewe ndiye unayekaa na mimi. Sikumwomba. Sikuiba. Mdogo wangu yuko chuo Morogoro, ada haijakamilika na mtihani uko karibu. Sasa kosa liko wapi?

MamaWawili:
Akili za mzee ziko sawasawa?

BintiRuvu:
Zinakuja na kuondoka. Ila siku ile alikuwa vizuri. Aliniita jina langu.

DadaWaTemeke:
Mimi nilifanya kazi hiyo Ohio. Sikiliza mdogo wangu. Wakala wengi wa kazi hizi wanakataza mfanyakazi kupokea zawadi yenye thamani kutoka kwa mteja, na ulisaini karatasi hiyo siku ya mafunzo hata kama hukuisoma. Majimbo mengine yamekwenda mbali zaidi. California mzee tegemezi akimwachia mali mtu anayemtunza, sheria inaanza kwa kudhani alirubuniwa, na anayetunza ndiye wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Mimi mama mmoja alinivisha bangili yake mwenyewe, kesho yake akapiga kelele kaibiwa. Nilisimama jikoni natetemeka. Kilichoniokoa ni kwamba usiku ule ule nilishamwandikia mwanawe ujumbe.

BintiRuvu:
Binti yake hata hajui kama lile kopo lipo. Lilikuwa chini ya sinki nyuma ya sabuni. Wangehama wangelitupa na takataka. Na yule mnunuzi alishanitumia dola 50 za kushikilia, siwezi kumgeuka.

Ustadh_Mwambao:
Dada yangu, zawadi ya asiye na akili timamu haijakamilika. Na amana ni nzito. Unamwona mwenyewe mzee wa watu, ukimwogesha unaona mgongo wake. Usimfanye akawa shahidi dhidi yako.

Kijana_Jangwani:
Ustadh, lakini ada ya Morogoro nayo ni amana.

Mpekuzi_77:
Nimeusoma uzi wote kimya kimya. Wakuu, mnamwaga machozi bure. Hakuna nikeli ya mwaka 1932. Haipo. Mwaka ule na mwaka 1933 hawakutengeneza senti tano hata moja, kulikuwa na mdororo wa uchumi na sarafu zilizokuwepo zilitosha. Mwaka 1922 pia hakuna. Mtu mwenye kopo mkononi hawezi kusoma mwaka ambao haukuchapwa. Kamera imepasuka, mzee kapoteza kumbukumbu, mdogo yuko chuo. Hii ni chai, tena ya rangi. Kesho itakuja namba ya kutumia ada.

Kijana_Jangwani:
Aisee! Na mimi nilishaanza kutafuta vitafunwa.

DadaWaTemeke:
Kama ni chai nitasikitika, maana nimetoa ya moyoni.

FundiSaa:
Mpekuzi ana hoja kwenye mwaka, 1932 haipo. Nilipitiliza, nikakazania zile zenye fedha. Ila mambo mengine aliyosema si rahisi kuyabahatisha. 1883 bila CENTS ni kweli kabisa. Mwaka ule walitoa muundo mpya wakaandika V tu, yaani tano ya Kirumi, wajanja wakazipaka rangi ya dhahabu wakazipitisha kama dola 5. Kiwanda kikaongeza neno CENTS mwaka huo huo. Watu walizihifadhi sana wakidhani zitapanda, ndiyo maana mpaka leo ni nyingi na bei yake ni ndogo. BintiRuvu, iangalie tena hiyo sarafu. Iinamishe, mwanga uje kwa ubavu.

BintiRuvu:
Nimelia, lakini najibu. Sina namba ya kumpa mtu na sijaomba mia ya mtu humu.

Niko hapa kazini, mzee amelala, nimewasha taa ya mezani. Tarakimu tatu za mwanzo zinasomeka, 193. Ya nne imeliwa chini. Kinachoonekana ni mstari wa juu, halafu unashuka kwa mshazari. Nilisoma 2. Inaweza kuwa 7. Nyuma, chini ya FIVE CENTS, herufi D ipo wazi.

Na kuna kitu nilidhani ni uchakavu tu. Nyati anatazama kushoto. Miguu ya nyuma yote miwili ipo. Ya mbele naona mmoja. Wa pili kwato iko pale chini, mguu wenyewe haupo.

FundiSaa:
Usiiguse tena kwa vidole. Ishike kwa ukingo.

1937 yenye D, nyati wa miguu mitatu. Iko hivi: mfanyakazi wa kiwanda cha Denver alisugua muhuri wa chuma kuondoa makovu, akasugua kupita kiasi, mguu wa mbele ukaondoka na kwato ikabaki. Zikatoka hivyo. Hata iliyochakaa inauzwa mamia ya dola. Jamaa yako wa 300 kwa kopo zima alikuomba picha ya nyati?

BintiRuvu:
Aliomba video. Nilimfanyia kwa simu ya rafiki yangu. Aliniambia nigeuze pole pole.

Mpekuzi_77:
Kwa hiyo yeye ameshaona. Sawa, nalegeza, lakini sijafuta. Wapo watu wanachukua 1937 D ya kawaida wanaukwangua mguu kwa kisu. Tazama chini ya tumbo la nyati, mbele ya miguu ya nyuma. Ya kweli ina vidoto vilivyoinuka, vinashuka kutoka tumboni kwenda ardhini. Iliyokwanguliwa haina, na utaona mikwaruzo pale mguu ulipokuwa.

BintiRuvu:
Kuna vitu kama chunusi ndogo. Sijui kama ni uchafu.

FundiSaa:
Usiuondoe hata kama ni uchafu. Sarafu hiyo inatakiwa kwenda kwa wapimaji, PCGS au NGC. Wanapima kwa ngazi ya 1 hadi 70, wanaifunga kwenye kasha la plastiki lenye namba. Ikiwa ndani ya kasha hakuna wa kukubishia.

MamaWawili:
Ipelekwe kwa jina la nani?

Umesikia ile ya milioni 3, miaka yote ilikuwa kwa dada wa marehemu. Kwenye familia. Mwanangu, kopo la dola 40 ungeweza kusema zawadi. Hili ukiliuza na yule binti akajua, hutaulizwa kuhusu ada. Rudisha 50 ya watu usiku huu. Kisha mwandikie binti, mwambie baba alinipa hili, ndani kuna moja ina thamani, nataka ujue. Weka na picha.

BintiRuvu:
Na akisema nirudishe lote?

DadaWaTemeke:
Utarudisha, na kazi utabaki nayo. Ada tuzungumze pembeni, tuko wengi humu tuliosomesha wadogo zetu kwa zamu za usiku.

BintiRuvu:
50 nimeirudisha. Amenipigia mara kadhaa, sasa anasema 600. Sijapokea tena. Binti anakuja Jumapili mchana. Ujumbe nimeuandika, sijautuma, naona Kiingereza changu kinasikika kama cha mtu mwenye hatia.

MamaWawili:
Ubandike hapa tuunyooshe.

Mzee_wa_Urambo:
FundiSaa, ukimaliza na huyo binti, mimi nina heller moja ya shaba, sarafu ndogo ya Wajerumani, imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, taji juu, mwaka 1904. Iko kwenye kibiriti. Sijaiosha.